Kutoka Karungu hadi Mtongwe: miaka 60 ya wanamaji wetu

Mwezi ukiwa mpevu, bichi ya Sori katika ghuba ya Karungu, Ziwa Victoria, hulala mapema. Omena huvuliwa gizani: taa huelea juu ya maji, samaki huifuata, wavu ukamzunguka. Mbingu ikiwa nyeupe taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu wakitengeneza nyavu na kulipana madeni. Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alikulia ndani ya hesabu hiyo. Alipofika Mtongwe, Mombasa, akiwa afisa mchanga wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, aligundua kuwa huko mwezi mpevu ni habari nyingine kabisa. Huko unaleta bamvu. Maji yanajaa hadi yanalamba ngazi za gati, kisha yanapwa na kuacha matope wazi kwa kaa. Ziwa letu halijui kujaa wala kupwa. “Nilidhani nayajua maji,” aliniambia kwa simu juma lake la kwanza. “Kumbe nilijua ya nyumbani tu.”

Jeshi hilo lilitimiza miaka 60 tarehe 12 Desemba 2024. Kila linapoadhimishwa, hadithi husimuliwa kutoka Mombasa, na ni haki, kwa kuwa kambi kuu iko huko, ikitazamana na Kilindini. Lakini mimi ni mtu wa Karungu, na nimechoka kusikia wanamaji wakihesabiwa kama mali ya Pwani peke yake. Watoto wa Homa Bay na Migori wamo ndani yake, na maji yetu yalisikia mizinga zamani, kabla Mtongwe haijawa na kambi.

Ilikuwa Septemba 1914. Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Shirati, wakaiteka Karungu, wakasonga hadi Kisii, na huko wakapambana na askari wa King's African Rifles tarehe 12. Waingereza hawakuwa na manowari katika ziwa. Walikuwa na meli za abiria na mizigo, zile zilizobeba pamba na ngozi kupeleka Kisumu, wakazifunga bunduki kubwa sitahani. Moja yao, Winifred, ilipokaribia ghuba yetu ilipokelewa kwa risasi, ikalazimika kugeuza. Ikarudi baadaye ikiandamana na Kavirondo, na Wajerumani wakaondoka. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, meli za ziwa ziliwabeba wanajeshi kutoka Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba, na mojawapo iliitwa Rusinga, jina la kisiwa kilicho mbele ya Mbita. Mabaharia wa vyombo hivyo, wachochea moto, wapakuzi na wapima kina, wengi walikuwa watu wa kandokando ya ziwa. Hakuna aliyewapigia gwaride la kufuzu.

Baada ya vita kuu ya pili serikali za kikoloni ziliunda jeshi moja la majini kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake Mombasa. Meli yake iliyojulikana zaidi ilikuwa Rosalind, jina la mhusika katika tamthilia ya Shakespeare. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, na kwa muda mfupi Kenya haikuwa na wanamaji. Kisha likaja letu, tarehe 12 Desemba 1964, siku ileile nchi ilipokuwa jamhuri.

Napenda kusoma majina ya meli zake kwa mpangilio, kama mtu anayesoma shajara. Za kwanza, mwaka 1966, ni Simba, Chui na Ndovu: taifa changa linajitambulisha kwa wanyama wake. Mwaka 1974 akaja Mamba. Mwaka 1975 zikafika Madaraka, Jamhuri na Harambee, na sasa ni siasa inayozungumza. Miaka ya 1980 ikaleta Nyayo na Umoja, na kila Mkenya wa umri wangu anajua sauti ya rais wa wakati huo iliyokuwa nyuma ya majina hayo. Mwaka 1994 ni mito, Galana na Tana. Halafu Shujaa na Shupavu, na mwaka 2012 Jasiri. Kutoka Rosalind hadi Shupavu si mwendo mdogo. Kadeti anayesimama sitahani leo anaitwa kazini kwa Kiswahili chenye nasaba, ingawa amri zenyewe bado hutolewa kwa Kiingereza. Ningefurahi siku moja kuona meli inayoitwa Mfangano.

Uongozi ulianza mikononi mwa Waingereza na ukapita kwa Wakenya katika miaka ya 1970. Watu huuliza kwa nini hatuna admirali. Maafisa wa majini Kenya hutumia vyeo vile vile vya nchi kavu, na kamanda wao ni meja jenerali. Kwa wanamaji wametoka wakuu wa majeshi yote: Joseph Kibwana mwaka 2000, Samson Mwathethe mwaka 2015, Charles Kahariri mwaka 2024. Na miongoni mwa makamanda wa majini wenyewe yumo Pasteur Awitta, na tangu 2024 Paul Otieno, majina ya kwetu, ambayo mama yangu alipoyasikia redioni aliongeza sauti.

Lakini nilitaka kusema habari za makadeti, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Hapo zamani vijana walipelekwa Uingereza, katika chuo cha Dartmouth, na bado wapo wanaokwenda vyuo vya nje. Wengi, hata hivyo, huanzia Lanet, kando ya Nakuru, katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya. Fikiria jambo hilo. Baharia mtarajiwa anaanza kazi yake katika Bonde la Ufa, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji makubwa yaliyo jirani ni Ziwa Nakuru, makazi ya heroe. Wa majini, wa angani na wa nchi kavu hupiga kwata pamoja, hula pamoja, na mmoja akikosea wote hukimbia. Ndugu yangu aliingia humo akiwa na alama ya B ya sekondari, meno yote kinywani, na viatu vya mbio alivyoazima Homa Bay mjini.

Wenzake wa kozi nilianza kuwajua kwa simulizi kabla sijawaona kwa macho. Kulikuwa na Mlamu, yaani kijana wa Lamu, aliyezaliwa karibu na mashua, aliyezungumza juu ya chombo kama mtu anayezungumza juu ya shangazi yake: kina tabia, kina hasira, hakipendi kuharakishwa. Kulikuwa na Mkuria kutoka upande wa Kehancha, ambaye babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, na kwao jeshi ni urithi kama ng'ombe. Wakuria wa Migori wana jina jeshini tangu enzi hizo, na yeye alilibeba bila kulitaja, ila viatu vyake vilikuwa vinang'aa kabla ya kengele ya asubuhi. Kulikuwa na binti wa Nyeri ambaye hesabu za ramani zilimtii. Wengine walipokuwa wangali wanapima pembe, yeye alikuwa amekwisha kuweka penseli chini, na kila jioni waliojikwaa walimkuta akiwangoja na karatasi tupu, hana maneno mengi. Na kulikuwa na kijana wa Makueni aliyeyajua maji ya mtungi peke yake, yale yanayochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu.

Huyu wa Makueni ndiye aliyekuwa na kazi kubwa kuliko wote. Hakuwa ameingia maji yaliyopita kiuno. Siku ya kwanza katika bwawa la kuogelea alishika ukingo akakataa kuuachia, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu waliona mikono yake. Ndugu yangu akaahidi kumfundisha. Jumapili walizopewa nafasi walikwenda pamoja, yeye na Mlamu, mmoja huku na mwingine kule.

Kilichotokea hakuna aliyekitarajia. Ndugu yangu alikuwa akiogelea kama tunavyoogelea sisi wa bichi: kichwa juu, shingo ngumu, macho yakitafuta mtumbwi. Ndivyo mtu anavyojiokoa ziwani, na wavuvi wetu wengi, naona uchungu kuandika, hawawezi hata hilo. Mkufunzi alimwambia asahau yote aliyoyajua. Ikamchukua miezi. Kijana wa Makueni, kwa kuwa hakuwa na cha kusahau, akajifunza mtindo sahihi kuanzia mwanzo, na kabla ya kufuzu ndiye aliyekuwa akimhesabia ndugu yangu pumzi: moja, mbili, geuza uso. Ndugu yangu alimtoa mwenzake ukingoni, naye mwenzake akamlaza yeye majini. Hata leo hawakubaliani nani alimfundisha nani.

Usiku walibadilishana maneno. Mlamu alileta omo na tezi, kaskazi na kusi, bamvu na maji mafu. Ndugu yangu alileta Nam Lolwe, jina la ziwa kabla halijapewa la malkia, na upepo wa usiku unaotoka nchi kavu na kuwasukuma wavua omena mbali na taa za nyumbani. Wa Makueni alisikiliza, akaandika yote nyuma ya daftari.

Siku ya gwaride tulitoka Karungu usiku, tukapita Homa Bay kumchukua shangazi, kisha Kisii, Kericho, na tukafika Nakuru alfajiri tukiwa na nyoyo, mahindi na maharage ya kuchemsha, kwenye bakuli na nguo zimekunjamana. Uwanjani wote walikuwa sawa, wima, wamekazana kama meno. Wa majini walivaa nyeupe. Baba mdogo, aliyekuwa ameishi miaka 50 akitambua mitumbwi kwa mbali kwa namna inavyokaa majini, alinyoosha kidole mara moja: “Yule.” Ndiye alikuwa. Wakala kiapo, wakapita mwendo wa pole mbele ya Rais, na alipotoka uwanjani akiwa luteni wa pili, nyota moja kila bega, mama yake alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Sikumsikia ndugu yangu akisema neno. Alikuwa ameshikana mikono na wale wengine wanne na hawakuweza kuachana.

Kazi waliyoiendea ndiyo ileile iliyowafanya wakubwa wao wajulikane. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa, mbele ya kambi yenyewe. Wapiga mbizi wa majini walishuka. Mwaka 2017 walishuka Ziwa Nakuru kutafuta helikopta iliyoanguka. Mwaka 2019 walishuka Likoni, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri, na baada ya siku 13 wakalitoa likiwa na mama na mwanawe. Septemba 2012 wenzao walitua ufukoni Kismayo. Siku hizi, tangu Walinzi wa Pwani waundwe mwaka 2018, wakiongozwa mwanzoni na brigedia wa majini, sare za bahari zimeanza kuonekana hata ziwani. Kwa watu wanaoishi wakitazama Migingo, kisiwa kisichofikia nusu ya uwanja wa mpira lakini kilichotugombanisha na jirani, hilo si jambo dogo.

Baba mdogo alifariki miaka michache iliyopita. Mtumbwi wake ulipinduliwa juu ya mchanga, chini ya mti. Usiku wa pili wa matanga gari liliingia uani likiwa limejaa vumbi la Mombasa hadi Karungu, na wakashuka wanne. Mkuria alikwenda moja kwa moja kupasua kuni. Binti wa Nyeri, sasa kapteni, aliketi chini na mama zetu akichambua mboga. Mlamu alisoma dua yake kando, kisha akauliza jembe la kaburi liko wapi.

Asubuhi baada ya mazishi wazee waliamua mtumbwi urudishwe majini. Tukausukuma. Yule wa Makueni aliruka omo bila kulowesha goti, akasimama, akauongoza kwa upondo hadi nje ya majani. Mzee mmoja aliyemtazama muda mrefu akamwita.

“Mwanangu, nani alikufundisha maji?”

“Huyu hapa, baba,” akamwonyesha ndugu yangu.

“Alikufundishia wapi?”

“Nakuru.”

Wazee wakatazamana, kisha mmoja akaenda kumletea kasia.