Masimulizi ya Kuja: Asili ya Watu wa Bara la Mombasa na Matumizi ya Mila Zao

Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hakikosi bara lake. Kusini, ng'ambo ya kivuko, ipo Likoni; kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali, ipo Kisauni; magharibi, ukishavuka Makupa, ipo Changamwe. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi wakazi wa pande hizi tatu wanavyosimulia kufika kwao, na jinsi masimulizi hayo yanavyotumiwa katika zama zetu. Hoja yetu ni moja: mila za asili katika eneo hili ni masimulizi ya kuja, wala si ya kuwapo tangu azali, na madhara hutokea pale masimulizi ya kuja yanapofanywa hati ya kuwafukuza waliokuja baadaye.

Yafaa tuanze na majina, kwa kuwa jina la mahali ni masimulizi mafupi kuliko yote. Liko ni mahali pa pwani ambapo vyombo hupakia na kushusha. Likoni, basi, ni penye liko. Huko Kisauni, mtaa wa Kengeleni umepewa jina na kengele ya wamisheni. Changamwe nalo ni jina la mmojawapo wa Miji Mitatu, pamoja na Kilindini na Tangana, ambayo ikiunganishwa na Miji Tisa hukamilisha Thenashara Taifa ya Waswahili wa Mombasa. Na mapokeo ya Miji Mitatu yanasema kuwa wazee wao walikaa bara kabla ya kuvuka na kuingia kisiwani. Hapana jina hata moja kati ya haya lisilofungamana na safari.

Wadigo wa Likoni, pamoja na ndugu zao wengine wa Mijikenda, husimulia kuwa wahenga wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakasukumwa na Waoromo hadi walipojenga makaya yao katika misitu nyuma ya pwani. Wataalamu hawakuafikiana juu ya habari hizi. Rodger Morton alidai mwaka 1972 kwamba Shungwaya iliingia katika mapokeo ya Mijikenda mwishoni mwa karne ya 19 tu. Thomas Spear, katika kitabu chake cha 1978 juu ya makaya, aliyachukua mapokeo hayo kuwa msingi wa historia. Hata jina lenyewe la Mijikenda lilienea katika miaka ya 1940, likachukua nafasi ya Wanyika, jina walilopewa na wengine. Isimu nayo inatuonyesha kuwa Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro ni lugha za kundi moja la Sabaki. Lakini yeyote atakayeshinda katika mjadala huu, jambo moja halibadiliki: mwenyeji anapotaka kuthibitisha uenyeji wake, husimulia alikotoka.

Kisauni inatupa mfano wa pili. Baada ya mkataba wa 1873 kulifunga soko la watumwa la Unguja, chama cha wamisheni wa Kanisa la Uingereza kilianzisha, mwaka 1875, makazi ya watumwa waliokombolewa, yakaitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere. Humo walikusanyika Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wakiongozwa kwa sehemu na Waafrika waliolelewa Nasik, karibu na Bombay. Watu hawa hawakuwa na kaya wala ukoo wa pamoja. Walikuwa na kengele, na Kiswahili. Mmoja wa wana wao, James Mbotela, aliandika habari zao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934. Wahakiki wengi wamekilaumu kwa kumsifu mno Mwingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, tukikisoma kwa jicho la ethnolojia, tunaona kitu kingine: jamii isiyo na Shungwaya ikijitungia Shungwaya yake.

Changamwe ilipokea wageni wa namna ya tatu. Ujenzi wa reli ulioanza Mombasa mwaka 1896, kisha gati za Kilindini, kisha kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi kuanzia 1963 hadi 2013, vyote viliwavuta vibarua kutoka bara ya mbali. Nao walikuja na ngoma zao na desturi zao za kuzikana. Ngoma ambazo zamani zilikuwa na msimu na mwenyewe, ya matanga au ya uganga, leo huchezwa siku za sikukuu za taifa na mbele ya watalii. Hapo mila imehama pamoja na watu. Imepoteza kazi moja ikapata nyingine.

Si kila kazi mpya ni njema. Mwaka 2008 misitu ya makaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka uliofuata mila za makaya zikatambuliwa kuwa urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Lakini miaka 11 kabla ya hapo, Agosti 13, 1997, vijana walioapishwa viapo vya jadi msituni walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua silaha, kisha wakawageukia wakazi waliotoka bara. Watu zaidi ya 100 walikufa, na maelfu kwa maelfu wakahama. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, ilichunguza mkono wa siasa katika ghasia hizo. Kaya, iliyojengwa na wakimbizi ili kuwahifadhi wakimbizi, ilitumiwa kuwazalisha wakimbizi wengine.

Neno bara lenyewe lingetosha kutuonya. Kwa mtu wa kisiwani, Likoni ni bara. Kwa mtu wa Likoni, bara ni Nairobi na Kisumu. Neno ni lile lile, linasogea tu kila asemaye anaposogea.

Hatuna budi, basi, tunapokusanya fasihi simulizi ya Pwani, kuandika si yaliyosimuliwa tu, bali pia nani aliyesimulia, mbele ya nani, na alikuwa akidai nini. Tena tusiishie makayani. Kengeleni na Changamwe nako kuna wazee, na safari zao bado hazijaandikwa za kutosha. Masimulizi ya aliyefika jana yakikaa kitabuni kando ya ya aliyefika juzi, itakuwa vigumu zaidi kwa mtu kuyageuza panga.