Chikungunya ya Lamu ya 2004 na mipango ya dunia ya kujiandaa kwa majanga ya afya

KATI ya Mei na Julai 2004, kisiwa cha Lamu kilipatwa na homa ambayo mwanzoni ilidhaniwa kuwa malaria. Joto la mwili lilipanda ghafla, kichwa kikauma, na viungo vikashikwa na maumivu makali kiasi cha mtu mzima kushindwa kunyoosha mgongo au kushika kikombe. Vipimo vya malaria havikuonyesha kitu. Ni baada ya sampuli za damu kupelekwa Nairobi, kwenye maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba nchini Kenya, KEMRI, ndipo ilipothibitishwa kuwa ugonjwa huo ni chikungunya.

Jina hilo si geni Afrika Mashariki. Limetokana na Kimakonde, na maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Madaktari waliuandika ugonjwa huo kwa mara ya kwanza baada ya mkurupuko wa 1952 hadi 1953 katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Hauui watu wengi. Madhara yake ni mengine: huwaangusha watu wa nyumba nzima kwa pamoja, na baadhi yao hubaki na maumivu ya viungo kwa miezi kadhaa. Katika mji ambao riziki hutafutwa kwa kuvuta nyavu, kupakia punda na kuchonga mbao, hilo si jambo dogo.

Ukubwa wa balaa lenyewe ulijulikana mkurupuko ulipokwisha pita. Oktoba 2004 wachunguzi walipima damu ya watu 288 kisiwani, na asilimia 75 kati yao walikuwa na dalili za kuambukizwa. Kwa hesabu hiyo ilikadiriwa kuwa watu 13,500 kati ya wakazi wapatao 18,000 walikuwa wameambukizwa. Ni nadra ugonjwa wowote kufagia mji kwa kiasi hicho katika muda mfupi namna ile.

Chanzo chake kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hakilingani na mazoea. Magonjwa ya mbu huhusishwa na mvua na mafuriko. Lamu ya 2004 ilikumbwa na kinyume chake: hali ya joto na ukame usio wa kawaida pwani, hasa mwezi Mei. Mbu anayeeneza chikungunya, Aedes aegypti, ni mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, huuma mchana, na hutaga mayai katika maji safi yaliyowekwa majumbani. Maji yanapokuwa haba, watu huyahifadhi zaidi, na vyombo hukaa muda mrefu bila kumwagwa wala kusuguliwa. Hapo ndipo viluwiluwi hupata nafasi ya kukua. Watafiti waliochunguza mkasa huo baadaye waliona kuwa ukame na uhifadhi wa maji majumbani huenda ndivyo vilivyourahisishia ugonjwa njia.

Waamu wa kale walikuwa na ujuzi wao katika jambo hilo. Katika nyumba za mawe za mji huo, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, birika la maji lilijengwa ndani ya chumba cha kuogea, na ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Ni kinga isiyohitaji dawa wala wafadhili. Lakini mji ulikua, mapipa na madebe ya plastiki yakaongezeka, na samaki hawawekwi kwenye ndoo. Katika visiwa vingine vya funguvisiwa hilo hali ni ngumu zaidi: Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, hutegemea jabia za kukingia maji ya mvua, wakati mji wa Lamu una angalau visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela.

Baada ya Lamu, ugonjwa ulifuata njia za bahari. Mwishoni mwa 2004 ulikuwa Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ulifika Komoro, ambako kisiwani Ngazija asilimia 63 ya waliopimwa walikutwa wameambukizwa. Kati ya 2005 na 2006 uliwapata watu wapatao 266,000 huko Réunion, zaidi ya thuluthi moja ya wakazi. India ilihesabu karibu wagonjwa milioni 1.4 walioshukiwa mwaka 2006. Mwaka uliofuata msafiri aliyetoka India aliupeleka Italia, ambako zaidi ya watu 200 waliugua katika vijiji vya karibu na mji wa Ravenna. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa virusi vilivyozunguka bahari yote hiyo vilikuwa vya ukoo mmoja na vile vya pwani ya Kenya.

Je, dunia ilipaswa kuambiwa nini, na lini? Kwa sheria za 2004, jibu ni kwamba haikulazimika kuambiwa chochote. Kanuni za Afya za Kimataifa zilizokuwa zikitumika zilipitishwa mwaka 1969, na kufikia wakati huo ziliitaka nchi itoe taarifa ya magonjwa matatu tu: kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Chikungunya haikuwamo. Kenya haikuvunja kanuni yoyote, na Komoro haikuwa na haki ya kisheria ya kulalamika.

Kanuni mpya zilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, Mei 2005, na zikaanza kutumika 15 Juni 2007. Msukumo mkubwa ulitoka kwa ugonjwa wa SARS wa 2003, si kwa Lamu. Visiwa vidogo huwa havisikiki Geneva. Hata hivyo zinalihusu moja kwa moja tukio la aina ya Lamu. Orodha fupi ya magonjwa iliondolewa kuwa kipimo pekee. Nchi hutakiwa kulipima tukio lolote lisilo la kawaida ndani ya saa 48, na ikiwa linaweza kuvuka mipaka, kuiarifu WHO ndani ya saa 24 baada ya kulipima. Kila nchi pia ilipewa jukumu la kujenga uwezo wa kugundua, kuthibitisha na kukabili magonjwa. Muda wa kwanza uliowekwa, Juni 2012, ulipita nchi nyingi zikiwa bado hazijatimiza.

Programu nyingi zinazotajwa leo zilizaliwa ili kuziba pengo hilo. Nyingine ni za zamani zaidi: mkakati wa kanda ya Afrika wa kufuatilia magonjwa kwa pamoja, unaokitaka kila kituo cha afya kutoa ripoti za mara kwa mara, ulipitishwa na mataifa ya kanda hiyo mwaka 1998. Mwaka uleule wa mkasa wa Lamu, Kenya ilianzisha mafunzo ya wapelelezi wa magonjwa na wataalamu wa maabara, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC. Kati ya programu zote, hii ndiyo iliyoacha alama inayoonekana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa wahitimu wake ndio wanaotumwa kijijini ugonjwa usiojulikana unapozuka.

Februari 2014 Marekani na mataifa mengine yalizindua Ajenda ya Usalama wa Afya Duniani. Mwezi uliofuata Ebola ilitangazwa Guinea, na kabla ya kumalizika mwaka 2016 iliua zaidi ya watu 11,000 Afrika Magharibi. Kutokana na mkasa huo WHO iliandaa Tathmini ya Pamoja ya Nje, ambapo wataalamu wa nchi nyingine huipa nchi alama kuanzia 1 hadi 5. Kenya ilifanyiwa tathmini hiyo mwaka 2017, mwaka ambao Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa nacho kilizinduliwa Addis Ababa. Baada ya Uviko-19, mwaka 2022, ukaanzishwa Mfuko wa Majanga chini ya Benki ya Dunia, wa kuzisaidia nchi maskini kujiandaa.

Alama hizo zisichukuliwe kuwa msahafu. Oktoba 2019 orodha moja ya kimataifa ya utayari iliiweka Marekani nambari ya kwanza na Uingereza ya pili. Miezi michache baadaye mataifa hayo mawili yalikuwa miongoni mwa yaliyopoteza watu wengi mno kwa Uviko-19. Toleo la kwanza la Tathmini ya Pamoja lilikagua maeneo 19, kuanzia sheria na chanjo hadi mionzi. Maji ya majumbani hayakuwa eneo mojawapo, ingawa ndiyo yaliyoiangusha Lamu.

Pia kuna suala la nani anayelipa. Agizo la kuiondoa Marekani katika WHO lilitiwa saini 20 Januari 2025, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Desemba 2025 Kenya ilitia saini na Marekani makubaliano mapya ya afya ya miaka mitano, yanayoitaka serikali ya Nairobi kuongeza fedha zake yenyewe hatua kwa hatua.

Lamu yenyewe imebadilika. Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa serikali ya kaunti, iliyokuwa na wakazi 143,920 katika sensa ya 2019. Ripoti za hospitali hupelekwa kwa mfumo wa kompyuta ulioenea nchini tangu 2011, na Septemba 2023 serikali kuu ilizindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii nchini kote. Jiografia, hata hivyo, haikubadilika. Sampuli inayotoka Siyu au Faza husafiri kwa mashua, na mlango wa Mkanda hupitika vyema maji yakiwa yamejaa. Kutoka mji wa Lamu huvushwa tena hadi Mokowe ili ishike barabara, au hadi kiwanja cha ndege cha Manda. Upande wa bara, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, baadhi ya zahanati za vijiji vya Waaweer katika wadi ya Basuba zilifungwa kwa miaka kadhaa. Mahali pasipo na muuguzi hapatoki ripoti, na kompyuta ya Nairobi husoma ukimya huo kana kwamba watu ni wazima.

Chikungunya nayo ilirudi Kenya: Mandera mwaka 2016, kisha Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Chanjo ya kwanza dhidi yake iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, karibu miongo miwili baada ya Lamu.

Tarehe 20 Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa, na meli kutoka nchi za mbali zimeanza kutia nanga mahali palipozoea majahazi. Kanuni za Kimataifa zina kifungu kuhusu hilo: katika bandari iliyoteuliwa, mbu na wadudu wengine wanaoeneza magonjwa wadhibitiwe hadi umbali usiopungua mita 400 kutoka sehemu zinazotumiwa na abiria, vyombo na mizigo. Bandari iko bara. Mji wa kale, wenye mabirika na mapipa yake, uko ng'ambo ya maji, mbali nje ya mita hizo.