Nani alijenga Linux iliyo ndani ya ruta yako?

Hapa Chaani nyumba nzima ya wapangaji huweza kugawana intaneti ya ruta moja, mara nyingi ya mtumba. Watu huuliza bei na spidi. Mimi huuliza: Linux iliyomo humo ilijengwa na nani, na kwa tarakilishi gani? Swali hilo lina historia ndefu kidogo.

Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta iitwayo WRT54G. Kumbe ndani mlikuwa na Linux! Leseni ya GPL inasema ukisambaza programu ya aina hiyo, sharti utoe na msimbo chanzo wake. Wanaprogramu wakapiga kelele, na mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Kutokana nao mradi wa OpenWrt ukazaliwa mwaka 2004.

Sasa, kujenga mfumo wa ruta si sawa na kusakinisha programu. WRT54G za mwanzo nyingi zilikuwa na megabaiti 4 za hifadhi na 16 za kumbukumbu, na chipu yake ni MIPS, si Intel. Kwa hiyo unajenga kwanza kompaila ya kutoa msimbo wa MIPS, kisha kiini cha Linux, kisha vifurushi kimoja kimoja, halafu unavibana vyote viwe faili moja. Saa zinakwenda. Na hapo umeshapakua msimbo wote! Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa Juni 2009, SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huohuo. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa wingi wa ruta. Ukirekebisha kitu kwenye chipu moja, unaweza kuvunja nyingine ambayo hujawahi kuishika mkononi. Nani atazijenga zote kila msimbo unapobadilika? Hakuna binadamu mwenye subira hiyo. Mwaka 2003 Brian Warner alikuwa ameitambulisha Buildbot: seva moja hutazama msimbo, ukibadilika huzigawia kazi tarakilishi nyingine, nazo hujenga na kuripoti palipovunjika. OpenWrt wakaichukua. Ndiyo maana leo unapakua faili lililo tayari kwa ruta yako bila kujenga chochote.

Faida yake ilifika hadi kwetu. Mwaka 2013 vijana wa Ushahidi, Nairobi, walichangisha pesa kupitia Kickstarter ili watengeneze BRCK, kisanduku cha intaneti chenye betri, kwa ajili ya mahali umeme unapokatikakatika. Msingi wake ulikuwa OpenWrt. Hawakulazimika kuanza na kompaila.

(Mwaka 2016 baadhi ya wasanidi wa OpenWrt walijitenga wakaunda LEDE, wakarudiana 2018. Ugomvi wa ndugu, tuuache.)

Baadaye mradi ukapiga hatua nyingine: seva inayokujengea mfumo wako maalumu, wenye vifurushi ulivyovichagua mwenyewe. Tamu sana hiyo. Lakini Desemba 2024 mtafiti anayejiita RyotaK alionyesha matundu mawili. Majina ya vifurushi yaliweza kubeba amri za kuendeshwa kwenye seva ya ujenzi. Pia alama ya SHA-256 inayotambulisha ombi ilikuwa imekatwa ikabaki herufi 12, kwa hiyo mtu angeweza kutunga ombi lenye alama sawa na lako. Yakiunganishwa, wewe unaomba mfumo safi, unapewa wa mshambuliaji, na ruta inaukubali bila wasiwasi.

Huduma ilizimwa, ikarekebishwa ndani ya saa chache. Mradi ulisema uwezekano wa kuwa kuna mtu aliyepewa faili bovu ni mdogo mno, ila ukawashauri waliotumia huduma hiyo waweke upya toleo lilelile. Kwa ruta za mtaani mimi hutumia Image Builder yao kwenye tarakilishi yangu: vifurushi vimeshajengwa, kazi yangu ni kuchagua na kubana, na orodha yake naihifadhi kwenye Git. Dakika chache tu, hata kwa laptopu ya zamani.