Nintendo yako haikuwa Nintendo

Hebu tuanze na swali la mfukoni. Unataka kucheza tena Contra, au Super Mario Bros., au ile gemu ya vifaru iitwayo Battle City, na huna pesa za kuchezea. Ununue nini? Ukiuliza watu utapewa majibu matatu: tafuta mashine yenyewe ya zamani, nunua kile kidude kipya kinachojinadi kwa "gemu 620 ndani", au weka programu kwenye simu. Kisha wataanza kubishana bei. Kwangu mimi bei ndiyo sehemu rahisi. Ngumu ni kujua ulichokuwa unacheza zamani kilikuwa nini hasa. Na kama ulikulia huku kwetu Afrika Mashariki, uwezekano ni mkubwa kwamba Nintendo yako haikuwa Nintendo.

Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza nchini Japani mashine iitwayo Family Computer, kwa kifupi Famicom. Bei yake ilikuwa yeni 14,800. Ndani mlikuwa na chipu mbili za maana, zote za kampuni ya Ricoh. Ya kwanza, 2A03, ndiyo ubongo. Ni ndugu wa 6502, prosesa ya bei rahisi ambayo familia yake ilitumika pia kwenye kompyuta za Apple II. Ilikwenda kwa megahezi 1.79 na kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2. Ya pili, 2C02, ilikuwa na kazi moja tu: kuchora picha ya nukta 256 kwa 240 kwenye televisheni.

Soma tena hizo namba. Picha moja uliyotumiwa leo kwenye WhatsApp ni kubwa kuliko Super Mario Bros. nzima, ambayo ilitosha kwenye kilobaiti 40. Mawingu na vichaka vya mle ndani ni mchoro uleule, umebadilishwa rangi tu, maana nafasi haikuwepo. Na unakumbuka maadui wakijaa upande mmoja wanaanza kumetameta kama taa mbovu? Haikuwa kaseti chafu. Chipu ya picha iliweza kuchora vipande vinavyotembea 8 tu katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vingine vinaachwa, kwa hiyo waandishi wa gemu walivipokeza zamu ili kila kimoja kionekane walau nusu ya muda.

Ninachotaka ukione ni kwamba Famicom yenyewe ilibuniwa iwe rahisi kutengeneza, na kitu rahisi kutengeneza ni rahisi kunakili. Hapo ndipo inaingia Taiwan.

Kampuni ya UMC ya Taiwan ilitengeneza chipu zilizofanya kazi za zile mbili za Ricoh, na viwanda vya Asia vikazipachika ndani ya maboksi ya kila umbo na kila jina. Nchini Urusi, kuanzia mwishoni mwa 1992, kampuni ya Steepler iliuza nakala ya aina hiyo kwa jina Dendy, na kwa Warusi wa rika lile Dendy ndiyo gemu zenyewe. Nintendo ni jina walilokuja kulisikia baadaye. Kwetu zilifika bila kampuni moja iliyozisimamia, ndani ya makontena pamoja na redio na saa za ukutani. Kumbuka hali ya televisheni yenyewe wakati ule: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Kwa hiyo kwa nyumba nyingi za Bara, TV na gemu viliingia sebuleni karibu kipindi kimoja. Na boksi lile tukaliita Nintendo, kama vile watu wengine wanavyoita kila dawa ya meno Colgate.

Na zile kaseti! "9999999 in 1". Ukishuka kwenye orodha unakuta gemu zilezile chache, zimepewa majina tofauti, nyingine zinaanzia hatua ya tatu, nyingine zinakupa maisha mengi zaidi. Ulikuwa ulaghai, lakini ulaghai wa kifundi kabisa: mtu alikaa akabadilisha baiti chache za gemu ya mwenzake ili mstari mmoja kwenye orodha uwe mistari mia.

Sasa sehemu ninayoipenda. Nakala zile hazikuwa sawa na asilia, na tofauti zake zinaweza kupimwa.

Televisheni za Japani na Marekani zilichora picha mara 60 kwa sekunde. Zetu zilifuata mfumo wa PAL, mara 50. Gemu nyingi za Famicom ziliandikwa hivi: kila picha mpya ikianza, msogeze Mario, sogeza maadui, piga noti inayofuata. Ukipunguza picha kutoka 60 hadi 50, kila kitu kinapungua kwa uwiano huo. Wimbo wa sekunde 60 unachukua sekunde 72. Nintendo yenyewe ilipopeleka mashine yake Ulaya ilibadilisha pia uwiano wa kasi kati ya ubongo na chipu ya picha: badala ya hatua 3 za picha kwa kila hatua moja ya ubongo, zikawa 3.2. Matokeo yake baadhi ya gemu za Kijapani zilivurugika zikiwekwa humo. Wataiwani, kwenye nakala za aina ya Dendy, walibakiza uwiano wa 3 na kuongeza mistari ya kupumzika kila picha inapoisha. Yaani kwa kucheza kaseti ya Kijapani kwenye TV ya PAL, nakala ilikuwa na akili kuliko mashine rasmi ya Ulaya. Sijaona mtu akiwapa pongezi wahandisi hao, na majina yao hayamo kwenye boksi lolote.

Kwenye sauti waliteleza. Chipu ya Ricoh hutoa mawimbi ya mraba: umeme unapanda, unakaa, unashuka, unakaa. Ukikaa juu robo ya muda, sauti inakuwa nyembamba kama ya filimbi ya bati. Ukikaa juu nusu ya muda, inakuwa nene na laini. Katika chipu nyingi za nakala, mipangilio hii miwili ilibadilishana nafasi. Noti ni zilezile, lakini palipotakiwa sauti nyembamba inatoka nene, na kinyume chake. Mtu aliyekulia na nakala akisikia leo muziki wa asilia anaweza kuapa kwamba umechezewa. Masikio yake hayana tatizo. Ni kwamba alisikia chombo kingine.

Turudi kwenye pesa. Kadiri miaka ilivyokwenda, viwanda vilizikusanya zile chipu zote kuwa kipande kimoja, kikafunikwa kwa tone jeusi la gundi. Ukifungua kile kidude cha "gemu 620" unakutana na tone hilohilo, mrithi wa moja kwa moja wa ile ya zamani. Ni cha bei chee na kinawaka. Lakini mara nyingi rangi zinapotoka, baadhi ya gemu hazimaliziki, na pedi zake haziishi muda mrefu. Kama pesa yako ni ya kununua kitu kimoja tu, mimi nisingeanzia hapo.

Njia ya pili ni emuleta, yaani programu inayojifanya mashine ya zamani ndani ya kompyuta au simu. Mwaka 1997 ilitoka NESticle, na ilishangaza watu kwa sababu ilikimbia vizuri hata kwenye kompyuta dhaifu za wakati ule. Siri yake ilikuwa njia za mkato: ilikisia, ikaruka, ikatengeneza kitu kinachofanana. Gemu maarufu zilikwenda, zile za pembeni zikavunjika. Wengine wakachukua njia ngumu. Mtunzi wa emuleta ya bsnes, aliyeiga Super Nintendo, alisisitiza kila chipu isubiri mwenzake kwa usahihi kama ilivyokuwa kwenye mashine, na mwaka 2011 alieleza kwa nini kazi hiyo ilihitaji kompyuta ya gigahezi 3 kuiga mashine ya megahezi chache. Mfano wake maarufu ni gemu moja ya Speedy Gonzales: karibu na mwisho kuna kitufe ambacho, kwenye emuleta zinazokisia, ukikikanyaga gemu inaganda. Umecheza mpaka huko, halafu basi. Leo hata simu ya kawaida ina nguvu ya kuiga Famicom kwa usahihi mkubwa, kwa hiyo ubishi huo kwa gemu za zama zile umeshapoa.

Je, ni halali? Hapa kuna kisa kizuri. Januari 1999 kampuni ya Connectix ilitangaza Virtual Game Station, emuleta ya PlayStation kwa kompyuta za Mac, kwa dola 49. Sony ikawashtaki mwezi huohuo. Februari 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba kuichambua mashine ili kutengeneza programu inayoiiga kulikuwa matumizi ya haki. Sony ikainunua programu hiyo mwaka 2001 na kuifunga. Sasa ruka hadi Desemba 2018: Sony inatoa PlayStation Classic, kijimashine chenye gemu 20, kwa dola 99.99. Wataalamu wakachungulia ndani. Emuleta iliyomo ni PCSX ReARMed, programu huria iliyotengenezwa na watu wa kujitolea! Na kati ya gemu 20, tisa zilikuwa matoleo ya PAL, zikienda kwa picha 50. Wanunuzi wa Marekani wakalalamika kwamba Tekken 3 ni nzito. Sisi wengine tungeweza kuwaambia.

Nintendo nayo ilifanya vivyo hivyo Novemba 2016: kijimashine chake chenye gemu 30 ni kompyuta ndogo ya Linux yenye emuleta. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba emuleta si "kitu halisi", fahamu kuwa wenye mali wenyewe wanakuuzia hiyohiyo.

Programu ya kuiga ni jambo moja. Faili la gemu ni jambo jingine. Gemu za miaka ya 1980 bado zina mwenyewe kisheria, na uamuzi ule wa mahakama haukukupa ruhusa ya kupakua Mario bure. Hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni kwa njia yoyote. Machi ya mwaka huohuo Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya Wii U na 3DS, na mamia ya gemu yakaenda nayo. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafungulie watafiti gemu hizo kwa mbali. Kwa maneno mengine, kwa sehemu kubwa ya historia hii hakuna dirisha la kulipia, hata ukiwa na hela mkononi. Na hizo ni gemu rasmi. Zile kaseti zetu zilizochezewa hakuna anayezidai kisheria, na ni wachache wanaozihifadhi.

Kitu kimoja emuleta haikupi: bunduki. Ukivuta kifyatulio katika Duck Hunt, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, halafu mraba mweupe unatokea alipo bata, na jicho la bunduki linaangalia kama limeona mwanga. Linategemea mwale unaochora TV ya chogo mstari kwa mstari, papo hapo. TV bapa huchelewa na mwanga wake ni wa namna nyingine, hivyo bata haanguki kamwe. Kama kuna TV ya chogo imelala stoo nyumbani, usimpe muuza chuma chakavu. Na usiifungue nyuma mwenyewe. Ndani huwa imebaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ningekuwa wewe, pesa yote ningeweka kwenye pedi nzuri ya USB. Emuleta ni bure, kompyuta au simu tayari unayo, na kitu kinachoharibu mchezo haraka kuliko vyote ni kugusa kioo badala ya vitufe. Ukitaka gemu isiyo na utata, wapo watunzi wanaoandika mpya kwa mashine ya 1983. Micro Mages ya mwaka 2019 inatosha kwenye kilobaiti 40 zilezile za Mario.

Halafu, kwenye kompyuta, fungua emuleta ya FCEUX au Mesen. Chagua mfumo wa Dendy badala ya ule wa Marekani. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, kuna sehemu ya kubadilishanisha mawimbi ya mraba, imewekwa maalumu kwa kuiga nakala za zamani. Iwashe, anzisha Contra, usibonyeze kitu, sikiliza tu.