Sayansi ya kilimo shuleni: Shamba la shule linahitaji nini ili liwe darasa?

Mwanafunzi wa Gihundwe, wilayani Rusizi, hahitaji kusafiri mbali ili aone jinsi ardhi inavyobadilika. Kwenye uwanda wenye joto wa Bugarama, wakulima huvuna mpunga. Kwenye miinuko inayopanda kuelekea msitu wa Nyungwe, chai hustawi kwa baridi na mvua. Kando ya Ziwa Kivu kuna kahawa, migomba na maharage.

Hata hivyo, watoto wengi wa Afrika Mashariki wamelijua jembe la shule kama adhabu ya kuchelewa kabla ya kulijua kama chombo cha elimu. Anayelima kwa kuadhibiwa hujifunza jambo moja tu: kukikimbia kilimo mara amalizapo shule.

Somo lipo wapi?

Nchini Rwanda, mtaala unaozingatia umahiri ulianza kutumika mwaka 2016. Katika shule za msingi, udongo, mimea na wanyama hufundishwa ndani ya somo la sayansi. Wanaotaka kubobea wanazo shule za ufundi zenye mchepuo wa kilimo na mifugo. Juu yake kipo Chuo Kikuu cha Rwanda, ambacho kitivo chake cha kilimo kina makao Busogo, wilayani Musanze, na taasisi ya kilimo hifadhi ya RICA, iliyofunguliwa Bugesera mwaka 2019.

Ngazi zipo, lakini mtoto hupanda ngazi ya juu ikiwa ile ya chini imemvutia.

Jaribio dogo, somo kubwa

Chukua mfano wa udongo. Katika maeneo ya milima ya magharibi, mvua nyingi huosha madini kama kalisi na magnesi, na udongo hubaki na asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo ardhini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Dawa inayojulikana ni chokaa ya kilimo pamoja na mboji.

Maelezo hayo yakiandikwa ubaoni, husahaulika. Lakini darasa likigawa kitalu cha maharage sehemu mbili, moja yenye chokaa na mboji, nyingine bila kitu, wanafunzi watahesabu miche, watapima urefu na hatimaye watapima mavuno kwa mizani. Wakiung'oa mche mmoja, wataona vifundo kwenye mizizi. Kifundo kikipasuliwa na kuonekana chekundu au cha waridi ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Hapo biolojia, kemia na hesabu zimekutana katika tuta moja.

Msaada wa aina gani?

Kwanza ni mwalimu. Aliyesomea sayansi kwa vitabu pekee anahitaji mafunzo ya vitendo, na anaweza kumwalika afisa kilimo wa umurenge au mkulima mhamasishaji wa kijijini. Pili ni vifaa vya kawaida: mizani, kamba ya kupimia, karatasi za kupimia pH, kipimo cha mvua na daftari la kumbukumbu. Tatu ni ratiba. Msimu A huanza Septemba na msimu B huanza mwezi Machi. Jaribio lisilofuata misimu hiyo hukatizwa na likizo kabla ya mavuno.

Nne ni uwazi kuhusu mazao. Tangu mwaka 2021, mpango wa chakula shuleni umepanuliwa hadi ngazi zote, kuanzia chekechea hadi sekondari. Mboga za bustani ya shule zinaweza kuongeza lishe kwenye chungu hicho, mradi wazazi na wanafunzi waoneshwe kilichovunwa na kilikokwenda.

Funzo kutoka kwa majirani

Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mashamba ya shule yakaenea. Lakini palipotangulizwa mavuno kuliko masomo, mwanafunzi aligeuka kibarua. Kenya nayo ilifufua vilabu vya 4-K mwaka 2021, ambavyo chimbuko lake ni miaka ya 1960. Historia hiyo yaonya kwamba ukubwa wa shamba si kipimo cha elimu. Kitalu cha mita chache chenye swali linalochunguzwa chafaa kuliko ekari nzima isiyo na daftari.

Kwa mtoto wa mfanyabiashara wa Kamembe, ambaye huenda kwao hakuna hata kipande cha ardhi, kitalu hicho chaweza kuwa shamba pekee atakaloligusa. Naye mtoto wa mkulima atarudi nyumbani jioni akiwa na swali la kumuuliza baba yake: je, udongo wetu umewahi kupimwa?