Wilaya ya Mikindani na Asili ya Mamlaka

Katika ramani ya leo ya Mkoa wa Mtwara hatuioni tena Wilaya ya Mikindani. Jina hilo limesalia katika mji mkongwe ulio ufukoni mwa ghuba, yapata kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, na katika jina la Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Hata hivyo, katika zama za utawala wa Waingereza, Mikindani ilikuwa wilaya kamili. Mashariki yake ilikuwa Bahari ya Hindi, kusini Mto Ruvuma, kaskazini nchi ya Lindi, na upande wa bara iliipanda miinuko ya Uwanda wa Makonde. Twazieleza habari zake kwa kuwa zinatufunza jambo moja lililo muhimu kwa taifa lolote: mamlaka ya kuwaongoza watu wa vijijini hutoka wapi, na huwaje yanapopandikizwa kutoka nje.

Kabla ya kuja kwa wageni, sehemu kubwa ya nchi hii haikuwa na mfalme wala chifu. Wamakonde waliishi katika makazi madogo madogo, na kila makazi yalikuwa na mkulungwa wake, aghalabu mtu wa ukoo wa yule aliyetangulia kufyeka msitu mahali hapo. Ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na neno la mjomba lilikuwa na uzito mkubwa. Mkulungwa aligawa ardhi, alisuluhisha ugomvi na kusimamia mila, lakini hakuwa na askari. Nguvu yake ilikuwa ridhaa ya watu wake. Aliyechoshwa na uongozi wake aliweza kufunga mzigo, akafyeka kwingine na kuanzisha makazi mapya. Baadhi ya wageni waliuita utaratibu huu ukosefu wa utawala. Sisi twauona kuwa ni utawala uliokuwa na kipimo chake.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Mikindani ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti na majahazi, nao katika karne ya 19 ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Pembe za ndovu, sandarusi, ufuta na mpira wa msituni vilipakiwa hapo, na pamoja navyo walipakiwa binadamu. Biashara ya watumwa ya baharini ilipigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1873, lakini makovu yake yalidumu. Ni Mikindani pia alikoshukia David Livingstone mwaka 1866, akaanza safari yake ya mwisho kuelekea bara kwa njia ya Ruvuma. Mji ulilitazama bara kama shamba la kuvuna, na bara liliutazama mji kwa haja na kwa hofu.

Wajerumani waliutwaa mji wa Mikindani mwaka 1890, baada ya wananchi wa pwani kuwapinga tangu mwaka 1888. Mwaka 1895 walijenga Boma juu ya kilima, mahali panapoitazama ghuba yote. Bara waliwaweka maakida, ambao wengi wao walitoka pwani na hawakuwa wa koo za mahali walipotawala. Kazi kubwa ya akida ilikuwa kukusanya kodi na kutoa vibarua, na wakulungwa wakageuzwa kuwa wajumbe wa kutekeleza amri zake. Si wote waliokubali. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa na ngome yake katika Uwanda wa Makonde, aliukataa mwito wa Wissmann wa kujisalimisha, na barua yake ya mwaka 1890, iliyoandikwa kwa Kiswahili, imehifadhiwa hadi leo. Alipigana kwa miaka kadhaa, hata mwaka 1899 akavuka Ruvuma na kuhamia Msumbiji.

Mpaka wenyewe wa Ruvuma ulipangwa na watu waliokuwa mbali. Wajerumani na Wareno walipatana mwaka 1886 kuufanya mto huo mpaka wao. Mwaka 1894 Wajerumani wakaitwaa Kionga, ng'ambo ya mlango wa mto. Wareno wakairudisha mwaka 1916, na baada ya vita ikathibitishwa kuwa yao. Watu wa Kionga walibadilishiwa bendera mara mbili katika umri wa mtu mmoja, na jamaa zao walibaki pande zote mbili za maji.

Waingereza waliingia Mikindani Septemba 1916. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, ya zama za Gavana Donald Cameron, ilikusudia kutawala kwa kuwatumia viongozi wa asili. Hapo ndipo ugumu ulipoonekana. Ofisa aliyemtafuta chifu wa Wamakonde hakumpata, kwa kuwa hakuwapo. Wakulungwa walijaribiwa, wakaonekana wengi mno na wenye maeneo madogo mno kwa hesabu za ofisi. Hatimaye serikali ikategemea maliwali, watumishi wenye mshahara walioteuliwa kwa kujua kusoma na kuandika na kwa utii wao. Hivyo mfumo ulioitwa wa asili ukawa, kwa jina jingine, ule ule wa maakida.

Lililoiondoa Mikindani katika cheo chake halikuwa shauri la wananchi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Mazao hayo yalihitaji bandari yenye kina, na ghuba ya Mtwara ilikuwa na kina kuliko ya Mikindani. Mji mpya ukapimwa, na reli ikajengwa kuelekea Nachingwea. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, kabla bandari haijafunguliwa mwaka 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa. Karanga hazikupatikana, lakini mji ulikwisha zaliwa. Ofisi zikahamia Mtwara, makao ya Jimbo la Kusini yakatolewa Lindi na kuletwa huko, na hatimaye wilaya nayo ikaitwa Mtwara. Boma la Mikindani, baada ya kukarabatiwa, sasa ni hoteli.

Uhuru wa mwaka 1961 ulileta nafasi ya kuurudisha uongozi kwa wenyewe. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yalifutwa nchini, na halmashauri zenye madiwani wa kuchaguliwa zikashika kazi. Mwaka 1971 Lindi ikawa mkoa wa peke yake. Mwaka uliofuata halmashauri za wilaya zilivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na wananchi, lakini yaliyosogezwa yalikuwa madaraka ya watumishi wa serikali kuu. Wakati huo huo vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, viliwaleta wakimbizi ng'ambo hii ya Ruvuma, na usalama wa mpakani ukawa sababu mojawapo ya kuwakusanya watu vijijini. Vijiji vilirahisisha shule na zahanati. Lakini mikorosho haikuhama pamoja na wenyewe: mashamba yaliachwa mbali, nyasi zikameya. Korosho za nchi nzima, zilizofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, zilishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Bei ndogo na magonjwa ya miti vilichangia, ila umbali wa shamba na nyumba ulikuwa na sehemu yake.

Sheria ya mwaka 1982 ilizirejesha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Kule kuzirejesha kulikuwa kukiri kwa taifa kwamba mwananchi wa Kitaya, Mahurunga au Msimbati hawezi kuongozwa vema pasipo chombo anachokichagua na kukihoji. Mwaka 2015 sehemu ya wilaya hii ilimegwa, ikapata Halmashauri ya Mji wa Nanyamba.

Twawausia walimu na wanafunzi mambo mawili. La kwanza, historia ya wilaya isisomwe kwa orodha ya mabwana shauri na tarehe za ofisi kuhama. Waendewe wazee, waulizwe ni nani aliyefyeka kijiji chao kwanza, alisuluhishaje ugomvi, na watu walimwacha kwa sababu gani. Majalada ya Boma hayakuandika hayo. La pili, tuzipime halmashauri zetu kwa kipimo cha mkulungwa. Yeye alijua kwamba watu wake wanaweza kufunga mizigo na kuondoka. Diwani wa leo hakimbiwi kwa namna hiyo, kwa kuwa msitu wa kufyeka umekwisha. Badala ya mzigo, mwananchi amebaki na kura na mkutano wa kijiji. Akivipuuza hivyo, akida atarudi, hata kama safari hii atakuwa na jina jingine.