Mgema na Haki ya Kughairi

Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498, mwandishi wa safari yake hakuacha kuitaja minazi iliyopakana na mji. Minazi ya pwani hii, hadi Kilifi na Bofa, imezaa kazi mbili ambazo mgeni huzidhania ni moja: ya mkwezi na ya mgema. Wote wawili hukwea kwa miguu mitupu, wakikanyaga vidato vilivyochanjwa shinani, bila kamba. Lakini mkwezi akishaangua nazi huuacha mti miezi miwili mitatu. Mgema hulichonga karara ambalo halijafunguka kwa kotama, kipande chembamba tu, ili utomvu udondoke kibuyuni. Jeraha lisiposhughulikiwa hukauka, na tembo likichelewa kuteremshwa huchacha. Basi hupanda asubuhi, akapanda tena jioni. Anayetaka kuielewa hatari ya kukwea bila kamba aanze na ratiba hii, kabla ya kuutazama urefu wa mti au ushujaa wa mtu.

Tarehe 3 Juni 2017, mpanda miamba Alex Honnold aliupanda ukuta wa jiwe wa El Capitan, huko California, mita 900 hivi, bila kamba, kwa saa 3 na dakika 56. Watu walistaajabia kutoogopa kwake. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilitokea miezi kadhaa kabla: mwishoni mwa 2016 alianza kupanda, akaona siku si yake, akarudi. Sasa chukua mgema mwenye minazi 10, kila mmoja wa mita 12. Kwa siku hupanda mita 240. Siku ya nne keshaupita urefu wa El Capitan. Mazoezi anayo tele, na mguu wake unakijua kila kidato. Asichonacho ni nafasi ya kughairi. Masika yakilowesha shina, au upepo wa kusi ukiuyumbisha mti, karara halimngojei. Na akiteleza kwenye mnazi mkongwe wa mita 20, atafika chini kwa sekunde mbili, kwa mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa.

Wapo wasemao wagema huanguka kwa sababu ya ulevi. Ulevi upo, ila shina lililooza na nyuki wa kileleni hawamuulizi mtu kama ameonja. Wengine watasema wapewe vifaa, kama mashine za kupandia minazi za Kerala, India. Zingemfaa mkwezi, lakini kwa mgema, kufunga na kufungua kwenye kila mti, mara mbili kwa siku, kungemla muda wote wa kazi. Isitoshe, wenye mamlaka hawakuona haja ya kumlinda mgema. Serikali ya kikoloni ilitaka kopra, na karara lililogemwa halizai nazi, hivyo mgema alihesabiwa mharibifu wa mali na tembo lake likawekewa vibali na makatazo. Hata Sheria ya Kenya ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamlinda mwajiriwa. Mgema anayegema mti wa mwenziwe kwa kugawana tembo hana mwajiri wa kumdai. Wenye minazi na kaunti waanze hapo, kwa kumhakikishia mgema riziki ya siku ya mvua. Habari ya kamba na mashine ijadiliwe baadaye.